Kiatu Chako Kinazikwa Wapi?

(Maandishi ya mazungumzo na vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe kuhusu viatu na nguo za michezo)



Jumamosi alasiri nenda uwanja wowote wa mtaani kwetu, uwe wa Mtongwe, wa Mjambere au wa Chaani, na kabla hujatazama mpira tazama miguu. Utaona njumu za mtumba zilizoshonwa na fundi mara tatu. Utaona raba ambayo soli yake imeshikwa kwa gundi na dua. Utaona ndugu wawili wamegawana jozi moja, huyu kavaa cha kulia kwa sababu ndio mguu wake wa kupigia, yule kavaa cha kushoto. Na jezi, mashallah, ni za timu zote za Ulaya, kitambaa chake ni kile kile: poliesta, yaani plastiki iliyovutwa ikawa uzi.

Sasa, waliotengeneza vitu hivyo wana hadithi yao siku hizi. Fungua ukurasa wa kampuni yoyote kubwa ya viatu utaambiwa raba ni "rafiki wa mazingira", imetengenezwa kwa chupa zilizookotwa, kwa plastiki iliyotolewa baharini. Adidas ilianza kushirikiana na Parley for the Oceans mwaka 2015, wakatoa raba za plastiki iliyokusanywa pwani. Nike ina mpango wake unaoitwa Move to Zero tangu 2019, na tangu miaka ya 1990 imekuwa ikisaga viatu vikuukuu vitandikwe kwenye viwanja vya michezo. Adidas hao hao mwaka 2019 wakaonyesha raba ya nyenzo moja tu, haina hata gundi, ambayo ikichakaa inarudishwa, inasagwa, inayeyushwa, inatoka kiatu kingine.

Siwaambii kwamba yote ni uongo. Kuna wahandisi wanakesha kwa kazi hiyo na kuna mambo yamebadilika kweli. Ila kuna swali halipo kwenye matangazo yao na ndilo nililokuja nalo: hicho kiatu kikifa, kinazikwa wapi, na nani analipa mazishi?

Najua kuna kijana hapa anasema moyoni, huyu naye, sisi tunataka kazi, tunataka vitambulisho, tunataka askari waache kutukamata ovyo, yeye atuletea habari za viatu. Mwanangu, nimekusikia. Lakini jaa la Mwakirunge liko Kisauni, haliko Ujerumani. Moshi wake hauulizi kama una kitambulisho. Na Katiba ambayo twaitumia kudai haki ya mtu aliyekamatwa, kifungu cha 42 cha Katiba hiyo hiyo kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Haki ni haki, haina daraja la kwanza na la pili.

Tuanze na kiatu chenyewe, kwa sababu ukikijua utaelewa kwa nini ni kigumu kukizika.

Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walichukua raba moja ya kukimbilia, ya kawaida tu, wakaihesabu. Wakakuta ina vipande 65, na kuitengeneza kunapitia hatua zaidi ya 360. Jozi moja ikatoa hewa ya kaboni kama kilo 14, na sehemu kubwa ya hiyo haitoki kwenye malighafi wala kwenye meli ya kuisafirisha, yatoka kiwandani, kwenye mashine ndogo ndogo zinazochemsha, zinazobonyeza, zinazokata, na nyingi zikiendeshwa kwa umeme wa makaa ya mawe. Halafu piga hesabu: dunia hutengeneza zaidi ya jozi bilioni 20 za viatu kwa mwaka. Binadamu ni bilioni 8.

Vipande 65, ndugu zangu. Sponji ya ndani ni kitu kimoja, mpira wa soli ni kitu kingine, wavu wa juu ni poliesta, kamba zake, povu la kisigino, na vyote vimegandishwa kwa gundi ili visiachane. Gundi ile ile inayokifanya kiatu kiwe imara ndiyo inayofanya kisiweze kutenganishwa kikichakaa. Chupa ya maji ni plastiki ya aina moja, waiyeyusha yaisha. Raba haiyeyushwi hivyo. Ndio maana ukisikia "kiatu cha chupa zilizotumika" uliza pole pole: chupa imekuwa kiatu, haya, na kiatu je, kitakuwa nini? Mara nyingi jibu ni kwamba hakitakuwa kitu. Taasisi ya Ellen MacArthur ilikadiria mwaka 2017 kwamba nyenzo za kutengenezea nguo zinazorudi tena kuwa nguo mpya hazifiki asilimia 1. Hiyo ni nguo, ambayo ni rahisi kuliko kiatu. Chupa ingeweza kurudi kuwa chupa mara kadhaa, wameitoa huko wameipeleka mahali pasipo na mlango wa kutokea, na wameandika "kijani" kwenye boksi.

Sasa hivyo viatu vinavyokusanywa "kusagwa" huishia wapi? Kuna kisa cha Singapore. Serikali ya huko pamoja na kampuni ya kemikali ya Marekani, Dow, waliwaambia wananchi walete raba zao kuukuu, zitasagwa, zitatengenezewa viwanja vya watoto kuchezea na njia za kukimbilia. Waandishi wa Reuters wakachukua jozi 11, wakaficha kifaa cha kufuatilia ndani ya soli, wakaziweka kwenye masanduku ya kukusanyia kama mtu mwengine yeyote. Wakatoa taarifa mwaka 2023. Hakuna hata jozi moja iliyokuwa kiwanja cha watoto. Nyingi zilipita kwa mfanyabiashara wa mitumba, na baadhi zikaenda kupatikana kwenye masoko ya Indonesia. Dow na wenzao walisema watalichunguza, na yule mfanyabiashara wakamtoa kwenye mradi.

Na miaka miwili kabla ya hapo, 2021, waandishi wa Ujerumani walifanya jambo kama hilo kwa raba za watu wao mashuhuri. Njia mojawapo waliyoifuata ikawaleta mpaka hapa kwetu, Kenya.

Mwaona? Mtu wa Hamburg au wa Singapore anatupa raba ndani ya sanduku lenye alama ya majani ya kijani, analala usingizi mzuri. Na raba ipo safarini. Safari nyingi za namna hiyo kwa upande huu wa Afrika huingilia Kilindini. Kontena zishushwe, zipite Changamwe zikielekea bara kwa lori au kwa reli, na nyengine zibaki hapa hapa, zifunguliwe Kongowea.

Hapa lazima niseme jambo kabla watu hawajanielewa vibaya. Mimi si adui wa mitumba. Nani hapa hakuvalishwa mtumba? Kongowea ni chuo kikuu cha watu wasio na cheti. Kuna mama pale amesomesha watoto mpaka chuo kwa viatu vya mtumba. Serikali iliposimamisha uagizaji wa mitumba mwishoni mwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mpaka ikafungua tena Agosti, mwakumbuka hali ilivyokuwa majumbani. Na nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba kidogo kidogo, Marekani ikatishia kuzifungia soko la AGOA. Kenya ikajitoa mapema kwenye makubaliano. Rwanda ikashikilia msimamo wake, na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu ya AGOA. Kwa hiyo anayekuja na jibu la "pigeni marufuku" aulizwe kwanza yule mama atakula nini, na sisi tutavaa nini, maana raba mpya ya kampuni hizo kwa bei ya dukani ni mshahara wa mwezi wa mtu wa kibarua.

Lakini muulizeni yule mama vile vile jinsi biashara yenyewe ilivyo. Ananunua bale limefungwa. Haruhusiwi kulifungua kutazama. Analipa, anakata kamba, na hapo ndipo anajua Mungu kamwandikia nini siku hiyo. Vya juu, vile wanaviita kamera, vinaondoka asubuhi ile ile na wateja wa maduka. Vya kati vinauzwa wiki nzima. Halafu kuna vya chini: raba zilizokatika soli, cha kushoto kisicho na mwenzake, kiatu ambacho povu lake limeoza likawa unga ukikishika. Hasara ya vile vya chini ni ya nani? Ya aliyevaa Ulaya? Ya kampuni iliyotengeneza? Ya aliyefunga bale? Wote wameshalipwa. Hasara ni ya mama wa Kongowea. Yeye ndiye amenunua takataka ya mtu mwengine kwa pesa yake ya mkopo wa chama.

Takataka hiyo ni kiasi gani? Shirika la Changing Markets lilichapisha ripoti mwaka 2023: mwaka 2021 Kenya ilipokea vipande zaidi ya milioni 900 vya nguo kuukuu kutoka kila pembe ya dunia, na kwa makadirio yao karibu nusu havikufaa kuvaliwa. Chama cha wafanyabiashara wa mitumba kilizikataa hesabu hizo, kikasema hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayenunua bale ambalo nusu ni taka. Hoja yao ina uzito. Mimi nawaambia msigombane kuhusu asilimia. Ukitaka kujua, simama sokoni jioni wakati wa kufagia uone kinachoondoka na mkokoteni.

Na mkokoteni unaelekea wapi? Wazee hapa wanakumbuka Kibarani, pale unapotoka kisiwani kuingia Changamwe. Miaka mingi mgeni wetu wa kwanza alikuwa mlima wa taka unaofuka moshi kando ya bahari, maji yakijaa yanaulamba. Sasa pamefungwa, pamepandwa miti, na alhamdulillah kwa hilo. Lakini taka haikuyeyuka. Ilihamishiwa Mwakirunge. Yaani tuliondoa aibu barabarani ambako mtalii anapita, tukaipeleka Kisauni ndani ambako hapiti mtu mkubwa. Kule kuna familia, kuna mashamba, kuna vijana wa umri wenu wanaochambua kwa mikono mitupu kutafuta chuma na chupa za kuuza kwa kilo. Raba hawaichukui. Hakuna anayenunua raba iliyokatika kwa kilo. Raba inachomwa pamoja na vilivyobaki, au inasubiri mvua.

Na kuchoma huko tusikuone kitu kidogo. Kiatu cha bei nafuu, hasa kandambili ngumu zile, mara nyingi ni PVC, ndani yake mna klorini, na ikichomwa kwa moto hafifu wa jaani hutoa sumu zinazoitwa dioksini, ambazo wataalamu wa afya wa dunia nzima wanakubaliana kwamba husababisha saratani. Anayevuta si yule aliyevaa. Anavuta mtoto anayesoma jirani na jaa.

Sasa sikilizeni sehemu hii kwa makini maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuzungumza leo.

Ufaransa ina sheria tangu 2007. Kila kampuni inayouza nguo na viatu Ufaransa lazima ilipe ada kwa kila kipande, kidogo tu, kwa ajili ya siku ambayo kipande hicho kitachakaa. Ada inakusanywa na shirika moja, leo laitwa Refashion. Fikra yake ni nzuri sana na wala si ngeni kwetu: aliyeleta kitu duniani awajibike nacho mpaka mwisho. Na mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ukapitisha kwamba nchi zake zote ziwe na mpango kama huo, wa nguo na viatu pamoja. Vile vile kuanzia Julai 2026 kampuni kubwa za Ulaya zinakatazwa kuharibu nguo na viatu vipya visivyouzika, na kuanzia Septemba mwaka huo huo haziruhusiwi kuandika tu "rafiki wa mazingira" bila ushahidi.

Vizuri. Lakini angalia pesa inavyotembea. Raba inauzwa Paris, ada inalipwa Paris. Raba inachakaa, inakusanywa, inachambuliwa, na sehemu kubwa ya vinavyochambuliwa inauzwa nje ya nchi. Raba inapanda meli. Ada haipandi meli. Pesa ya mazishi inabaki Paris na maiti inaletwa Mwakirunge. Huku tunazika sisi, kwa moshi wetu, kwa lori la kaunti lililonunuliwa kwa ushuru wetu, kwa mgongo wa kijana asiye na glavu.

Wenzetu wa Ghana wamelipigia kelele jambo hili. Pale Accra, soko la Kantamanto, kuna shirika laitwa The Or Foundation ambalo kwa miaka limekuwa likidai kwamba ada hiyo iifuate nguo mpaka inapofia. Mombasa, mji wenye bandari ambayo vitu hivyo vinashukia, sauti yetu iko wapi? Brussels waliandika sheria, wakasikiliza kampuni, wakasikiliza mashirika ya huko, wakasikiliza Ghana kidogo. Nchi za Ulaya sasa zinapanga jinsi ya kuitekeleza kila moja kwake. Wakati wa kusema ni huu, kabla mipango haijakauka kama saruji.

Na tukisema, tuseme kama watu wenye ujuzi, tusiseme kama ombaomba. Kwa sababu kazi hii wanayoiita uendelevu, sisi tunaifanya tangu zamani bila kuiandikia ripoti. Fundi viatu aliyekaa na sanduku lake njia ya feri Likoni, sindano mkononi, nta pembeni, kila siku anarefusha maisha ya viatu ambavyo kampuni ilikwisha kuvihesabu kuwa vimekufa. Hakuna kiwanda duniani kinachomshinda kwa kupunguza kaboni, kwa sababu kiatu kilichoshonwa kinazuia kiatu kipya kutengenezwa. Akala je? Gurudumu la gari limekwisha barabarani, fundi amelikata likawa champali inayomshinda mwenyewe kwa umri. Hakuna mtu aliyempa tuzo.

Na kuna la karibu zaidi. Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake wa mradi wa Flipflopi walikusanya tani 10 za plastiki, wakayeyusha wakapata mbao za plastiki, wakachonga jahazi la mita 9 kwa ufundi ule ule wa mababu, mtaimu na mataruma. Wakalivalisha kandambili 30,000 zilizookotwa fukweni, ndio maana lina rangi kama kanga za sikukuu. Likashushwa majini Septemba 2018. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, kilomita kama 500, likisimama miji ya pwani, Mombasa ikiwemo, na katika msafara huo ndipo kaunti yetu ilipoahidi hadharani kuifunga Kibarani. Kandambili, kitu tunachokidharau kuliko vyote, zilimfanya mkubwa aahidi. Ukitaka kujua nguvu ya jambo dogo likifanywa kwa ustadi mbele ya watu, ndio hilo.

Hata hivyo, nawatahadharisha. Kesho atakuja mtu mwenye suti aseme, haya, tunafungua kiwanda cha kusaga viatu Miritini, ajira 200, mazingira safi, pigeni makofi. Msipige makofi kabla hamjauliza. Sisi watu wa bara hii ya Mombasa tumeshalipa kwa damu somo la neno hilo "kutumia upya". Owino Uhuru, pale Mikindani, kiwanda kilichowekwa ukutani mwa makazi ya watu kilikuwa kiwanda cha kutumia upya: kilichukua betri kuukuu za magari kikayeyusha risasi. Kwa karatasi, ni mradi wa mazingira. Kwa watoto wa mtaa ule, ilikuwa sumu ndani ya damu. Mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi humo, Phyllis Omido, mtoto wake akaugua, akaanza kuuliza maswali. Wakamkamata, akaendelea. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni miaka wenyewe, tangu kufungwa mpaka neno la mwisho. Kuna watu walizikwa katikati.

Kwa hiyo raba ikija kusagwa hapa tutauliza: gundi yake mtaifanya nini? Vumbi lake litaenda wapi? Maji ya kuoshea yanamwagwa mto gani? Ripoti ya athari kwa mazingira iko wapi na ilisomwa kwa lugha gani mbele ya wakazi? Wafanyakazi ni wa kudumu au wa kuitwa asubuhi getini? Swali hili la mwisho hata viwanda vya nguo vya EPZ tulivyonavyo tayari Changamwe na jirani zake vinafaa kuulizwa. Nguo nyingi za EPZ za Kenya huuzwa Marekani. Zikiandikwa "endelevu", je, endelevu hiyo inamhusu pia dada aliyekaa kwenye cherehani saa zile zote, au yahusu pamba pekee? Kampuni hupenda kuhesabu kaboni kwa sababu kaboni haiundi chama cha wafanyakazi.

Haya, tufanye nini? Sipendi mazungumzo yanayowatuma watu nyumbani na huzuni.

Kununua kidogo, kushona, kupeana, hayo mwayajua, wazazi wetu walituambia israfu si nzuri na hawakuhitaji ripoti ya MIT. Siwezi kumhubiria kijana mwenye jozi moja apunguze viatu. Zamu yangu leo ni kuwaonyesha mlango wa sheria, kwa sababu huo hauhitaji pesa nyingi.

Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022. Ndani yake mna fikra ile ile ya Ufaransa: anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini anawajibika nayo ikigeuka taka. Kanuni za kuitekeleza zikatangazwa rasmi Novemba 2024. Kaunti nazo zimepewa jukumu la kuweka sehemu za kuchambua na kuokoa vitu badala ya kumwaga tu. Sasa kuna hatari hapa, na inataka macho. Kiatu kipya kinachoingia dukani kina mwenyewe anayejulikana. Kiatu cha mtumba mwenyewe ni nani? Tusipokuwa makini, mzigo utamshukia muagizaji mdogo, naye atauongeza kwenye bei ya bale, na atakayelipa mwishoni ni yule yule mama anayekata kamba asijue kilichomo. Kampuni iliyotengeneza itakuwa imepita mlango wa nyuma. Kwa hiyo msimamo wetu uwe huu: ada ilishalipwa mara moja, kule Ulaya. Serikali ya Kenya iidai ifuate mzigo, isiitoze tena kwa maskini.

La pili. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeweka muda: ukiandika, ofisi ina siku 21 za kujibu. Huhitaji wakili. Huhitaji kueleza kwa nini unataka. Andika kwa Kiswahili, inaruhusiwa. Wasipokujibu, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman.

Na kifungu cha 70 ndicho ninachokipenda zaidi. Kinasema mtu akiona haki ya mazingira safi inavunjwa au inaelekea kuvunjwa anaweza kwenda mahakamani, na halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu amekwisha kuumia. Someni tena hapo. Owino Uhuru walisubiri mpaka damu ya watoto ipimwe. Kijana wa Mwakirunge hahitaji kusubiri saratani.

Kwa hiyo barua ya kwanza iwe na maswali manne tu, tusiwape nafasi ya kutuzungusha. Kwa kaunti: mwaka uliopita lori ngapi za taka zilifika Mwakirunge, na je, kuna mahali popote nguo na viatu vinapimwa kando? Taka inachomwa kwa idhini ya nani? Sehemu ya kuchambulia ambayo sheria inaitaka itajengwa wapi, na katika bajeti ya mwaka gani? Na kwa NEMA: hewa ya pale imepimwa lini mara ya mwisho, na matokeo yako wapi?

Wale wa Likoni msiseme Mwakirunge ni mbali na feri. Saini zenu tunazitaka zote. Wanaojua kuandika vizuri waandike, wanaojua kupiga picha waende Kongowea wakati wa kufunga soko, kwa idhini ya wenye meza, wapige picha za lebo za viatu vinavyotupwa: jina la kampuni, nchi kilikotengenezwa, hali ya kiatu. Jozi mia moja tu, zenye tarehe na mahali. Kampuni inayosema kiatu chake hakiishii jaani, tutaitumia picha ya kiatu chake kikiwa jaani, na tutaiuliza kwa adabu.

Siku 21 zinahesabiwa kuanzia barua itakapopigwa muhuri wa kupokelewa, kwa hiyo usiiache mezani kwa mtu. Subiri muhuri, piga picha nakala yako, ndipo uondoke.

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.